Kiganja Kwenye Kioo cha Nyuma

Asubuhi ambayo Bi Ndoo hakufika uwanjani, gari jeusi la kubebea maiti lilisimama peke yake chini ya paa la mabati, limejaa vumbi, na hakuna aliyethubutu kuligusa. Waosha magari wenzake walilipita kwa mbali, kama watu wanaopita karibu na mbwa aliyelala. Gari lile lilikuwa la kuoshwa na yeye tu, na hata tajiri mwenye gari alilijua hilo.

Mume wake, ambaye kila mtu alimwita Taratibu, alikuwa akishusha kreti za mikate dukani simu ilipoita. Aliona jina la mama mkwe wake, akaweka kreti chini kabla hajapokea.

"Baba," mama mkwe alisema, "mwenzio hajaamka."

Hakuuliza hajaamka vipi. Simu ile alikuwa akiisubiri tangu kabla hajamwoa.

Yeye na Bi Ndoo walikutana pale pale uwanjani, enzi hizo Taratibu ndiye dereva wa gari jeusi. Alivaa suti nyeusi, glovu nyeupe na viatu ambavyo ungeweza kujitazamia. Jina la Taratibu alilipata kwa mwendo wake, maana hata baiskeli zilikuwa zikimpita. Siku hiyo uwanja ulikuwa umefurika. Upande mmoja soko, upande wa pili stendi ya mabasi, katikati maji, povu na redio tatu zinazogombana. Taratibu alichoka kusubiri. Akatoa kitambaa mfukoni, akaanza kupangusa vumbi kwenye boneti.

"Kaka, toa mkono hapo."

Aligeuka. Dada mmoja alikuwa amesimama nyuma yake, mabuti ya mpira ya manjano, gauni limekunjwa juu ya suruali, kilemba chekundu kimelowa, ndoo kila mkono.

"Ni vumbi tu, dada."

"Vumbi ni mchanga. Ukiusugua ukiwa mkavu unaikwaruza rangi. Gari jeupe lingekusitiri. Jeusi halisitiri mtu. Njoo uone." Akamvuta mkono wa koti hadi upande wa jua. Mlangoni kulikuwa na mikwaruzo myembamba ya mviringo, imejisuka kama utando wa buibui.

"Nani kafanya hivi?"

"Wewe, na hilo pendo lako la kusugua. Kaa kwenye benchi. Na uvue hizo glovu, unanitisha."

Taratibu akacheka. Kazi yake haikumruhusu kucheka, kwa hiyo kicheko kilitoka na kutu kidogo.

Akamtazama. Dada aliita wenzake wakalisukuma gari kivulini kwanza, akalimwagia maji mengi bila kuligusa, mchanga ukateremka wenyewe. Ndoo moja ilikuwa ya sabuni, nyingine ya kusuuzia. Alivaa glovu laini ya manyoya, akaanza juu kwenye paa akishuka chini, mkono ukienda moja kwa moja bila kuzunguka, na kila baada ya mpapaso aliisuuza glovu. Ilipomponyoka ikaanguka chini, aliitupa pembeni akachukua nyingine.

"Si uisuuze tu?"

"Ikishagusa chini hairudi kwenye gari langu."

"Gari lako?"

"Kuanzia leo."

Mwisho alitandaza taulo juu ya rangi, akalivuta polepole bila kukandamiza. Taratibu aliiona sura yake mlangoni, na nyuma yake sura ya yule dada, zimekaa ndani ya weusi kama watu wawili kwenye kisima.

Jioni akampigia kwa namba aliyoiomba wakati analipa.

"Bi Ndoo, unafanya nini?"

"Naoga."

"Kwa ndoo ngapi?"

"Haya huna. Kesho utasubiri foleni kama wengine."

Ikawa hivyo kila jioni, simu mpaka sikio linapata moto. Kila Ijumaa Taratibu alileta gari. Waligawana kazi: Bi Ndoo akaosha nje, yeye akapangusa ndani, kwa kuwa tajiri alikataza mtu yeyote asiye dereva kuingia nyuma, kule linakolala jeneza.

Basi Ijumaa moja Bi Ndoo akakiona kiganja. Kilikuwa kwenye kioo cha nyuma, chembamba, cha mwanamke. Akakisugua kwa nje, hakikutoka.

"Mpenzi, kipo upande wako," alisema. "Kifute."

Taratibu akakifuta. Ijumaa iliyofuata kilikuwa pale pale, vidole vimetanuka, kama mtu anayeomba gari lisimame. Akafuta tena. Mara ya tatu Bi Ndoo aliweka ndoo chini.

"Nani huyo unayempakia nyuma?"

"Nyuma hapo hapandi mtu anayepumua. Unajua."

"Basi maiti zako zinakuaga kwa mkono?"

"Usitanie hivyo, mama. Nakuomba."

"Nitajie jina lake, nitaacha kutania."

Taratibu akakunja kitambaa, akakirudisha mfukoni. Bi Ndoo alikitazama kiganja kile kutoka nje, kimegeuka, akakiona cha mtu mwingine. Taratibu alikitazama kutoka ndani, kama unavyoutazama mkono ulioulaza juu ya meza. Ulikuwa mkono wa kushoto. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwenda nje, kama kilivyopinda kile cha Bi Ndoo tangu kibanwe na mlango wa lori. Mkono ule alikuwa ameubusu kidole baada ya kidole. Na Bi Ndoo hajawahi kukanyaga nyuma ya gari lile.

Jioni hiyo alirudisha funguo kwa tajiri. Hakutoa sababu. Aliapa moyoni kwamba yeye hatamwendesha yule binti ndani ya gari lile, labda afe yeye kwanza. Akazima simu, akaenda kuomba kazi ya kusambaza mikate.

Bi Ndoo akajua amekimbiwa. Alilia wiki nzima huku anaosha. Lakini Ijumaa gari likaja na dereva mpya, mzee mwenye tumbo, na kiganja kilikuwa pale.

"Dada, hiki kitu nakifuta kila siku," mzee alinong'ona. "Wewe unajua ni cha nani?"

Kesho yake Taratibu alimkuta Bi Ndoo getini kwa mwokaji, bila kilemba, macho mekundu.

"Hukuwa na mwanamke," alisema.

"Sikuwa."

"Sasa umenikimbia nini?"

Taratibu akamweleza, huku akiutazama mkono wa kushoto wa Bi Ndoo. Bi Ndoo akakifumbata kidole kilichopinda. Alimshika kiwiko, wakaenda uwanjani gari lilikokuwa bado limeegeshwa, na mzee alipokwenda kunywa chai, akafungua mlango wa nyuma, akapanda. Ndani kulikuwa na baridi ya peke yake, na kimya, ingawa nje soko lilikuwa likichemka. Akaleta mkono karibu na kioo bila kukigusa. Kidole kikalingana na kidole. Hata kile kilichopinda.

Aliposhuka midomo ilikuwa imepauka.

"Kwa hiyo uliniacha ili nisife?"

"Niliacha gari. Nilidhani kama si mimi dereva..."

"Na ulidhani nikikukosa wewe ndiyo nitaishi? Mwanaume mzima huna akili." Kisha akaegemeza paji la uso kifuani kwake. "Jumapili uje kwa mama. Uvae shati jeupe. Ile suti nyeusi asiione."

"Lakini gari uache kuliosha."

"Wakiliosha wengine watalikwaruza, halafu mimi ndiye nipande gari baya? Sitaki."

Walioana. Kila Ijumaa alirudi nyumbani, akavua mabuti mlangoni, na kabla mumewe hajauliza alisema, "Kipo," kama mtu anayesema nje kuna mawingu. Wakala, wakataniana, wakalala wameshikana mikono. Taratibu alishika wa kushoto siku zote, na usiku mwingine aliamka kuhakikisha una joto.

Asubuhi ile ya simu alikimbilia kwa mama mkwe, ambako mkewe alikuwa amelala usiku ule, akaushika, ulikuwa wa baridi.

Alifika uwanjani akiwa na vumbi la unga mabegani. Akavua viatu. Akalimwagia gari maji mpaka mchanga ukaisha, akaanza juu, mkono moja kwa moja. Wenzake Bi Ndoo wakazima redio zao moja moja. Alipomaliza nje akaingia nyuma na kitambaa.

Kioo kilikuwa kitupu.

Akakaa pale chini, akakihemea kioo labda kiganja kijitokeze. Kikaja ukungu, ukaondoka.

Aliposhuka akamnyooshea dereva mkono. "Mzee, nipe funguo."

"Mwanangu, leo wewe ni mfiwa. Na gari hili uliliacha mwenyewe."

"Niliapa nisimwendeshe humu. Lakini siwezi kumwachia mtu mwingine."

Mzee akampa. Taratibu akamwendesha mkewe polepole kuliko alivyowahi kumwendesha mtu yeyote, na safari nzima hakuangalia kioo cha nyuma.

Mwezi uliofuata mzee alistaafu. Mikate sasa inasambazwa na mtu mwingine. Taratibu amerudi kwenye gari jeusi, analiosha mwenyewe maana wengine watalikwaruza, na kesho asubuhi ana maziko ya mwalimu mmoja.