Breki za Kudumu

Siku vitenge vilipoletwa duka la ushirika, foleni ilitoka mlangoni ikafika stendi ya malori, watu wamejikunyata ndani ya masweta, na upepo wa Ufipa unavuma kama una kisasi na mtu. Adija alikuwa katikati ya foleni, kavaa gauni la kijani na kujitanda kanga nyekundu ya maua meupe. Alikuwa akiwaza kwamba hata akikipata hicho kitenge, hana wa kumwambia kimempendeza.

Hapo ndipo pikipiki ilipotokea juu ya mteremko wa soko. Mwenyewe anaizuia kwa miguu, buti zinatimua vumbi.

"Pisheni jamani, haina breki," alikuwa akisema, kwa adabu kabisa, kama mtu anayeomba kupita mbele ya wakwe.

Watu wakapisha. Pikipiki ikajikita kwenye magunia ya maharage, ikalala, na bwana akadondoka karibu na miguu ya Adija, maharage yakimmiminikia kichwani.

Adija akamtazama. "Kama unataka foleni, kaa nyuma yangu. Hapa haturuki watu."

Foleni nzima ikacheka, na yeye aliyeanguka akacheka kuliko wote. Alikuwa mrefu, shati la kaki, kofia imepinda. Alisema anaitwa Uledi, bwana mifugo mpya wa vijiji vya bondeni, kule chini Ziwa Rukwa.

"Breki zimekwisha lini?" Adija akauliza.

"Juzi, nikiteremka mlima."

"Umeteremka mlima ule bila breki?"

"Nilianza nazo. Nilipofika chini ndiyo nikaona sinazo."

Adija akaitazama foleni, akamtazama na yeye. Kitenge akakisamehe. "Sukuma hiyo pikipiki, twende."

Walifika duka la spea la mjomba wake, mzee Hamis, na siku hizo spea zilikuwa adimu kama mvua ya Agosti. Adija alikuwa ameachika zamani, bila mtoto, akarudi kwa mjomba, akajifunza kazi mpaka wenye pikipiki wakawa wanamtafuta yeye. Watu walikuja, wakapata nati zao, wakaenda. Jioni alikula na mzee aliyekuwa anasikiliza redio, kisha akaingia chumbani kwake peke yake. Hakuwa mtu wa kulia. Ila alikuwa amezoea kupika ugali mdogo, na kuzoea huko ndiko kulikomuuma.

Akafungua gurudumu, akatoa viatu vya breki. Vimebaki chuma kitupu.

"Mpe zile za boksi," mzee Hamis akasema kutoka pembeni. "Ziko tayari."

Adija akalishika boksi. "Hizi ni laini," akamweleza Uledi. "Zinashika vizuri, hazina kelele. Kwa kuzunguka hapa mjini, mpaka Kasense na kurudi, hakuna kama hizi. Ila ukiteremka nazo mlima, zikapata moto, zitateleza kama zimepakwa samli. Na zinaliwa upesi. Mvua zikianza utakuwa umerudi hapa."

"Si vibaya kurudi hapa," Uledi akasema, akiitazama kanga nyekundu.

Mkono wa Adija ukabaki juu ya boksi. Akili yake ilipiga hesabu nyingine kabisa: mtu wa kurudi, na kurudi tena. Kisha akaziona zile kona za mlimani, na korongo upande wa kushoto. Akalirudisha boksi rafuni.

"Nitakuvalisha hivi vyako upya, kwa lainingi ya lori, mkanda wa breki zake. Ni ngumu. Asubuhi ya baridi itachelewa kushika, basi uende ukiibanabana kidogo ipate joto. Ikishapata joto, haikuachi."

Akakata kipande kwa msumeno, akakiinamisha kwenye kiatu, akakigongea misumari ya ribiti mmoja mmoja, kisha akachukua tupa akalainisha kingo. Uledi alikaa kwenye kigoda, mikono kwapani kwa baridi.

"Kitendawili," Adija akasema bila kuinua macho.

"Tega."

"Kazi yangu kumzuia mwenzangu. Kila nikimzuia, nakonda mimi."

"Mama mkwe."

"Siyo."

"Karani wa foleni."

"Nipe mji."

"Nakupa Sumbawanga."

"Huo ninao. Na baridi yake ninayo."

"Basi nakupa Mpanda, na wapwa zangu wote wa huko."

"Mpanda nimekula, nikanawa. Ni breki, bwana mifugo, na umeikalia kutwa." Mzee Hamis akapunguza sauti ya redio ili asikie vizuri.

Kazi ilipokwisha Uledi akaipanda pikipiki, akaijaribu mpaka stendi na kurudi, ikasimama pale pale alipotaka.

"Sasa hizi zitanileta tena lini?"

"Hizo?" Adija alikuwa na furaha ya fundi. "Utasahau hata zilikofungwa."

Uledi akaiweka kofia sawa, akashukuru, akaondoka. Adija aliona uso wake umepoa, lakini hakujua kwa nini.

Mvua zikaja, ulezi ukaota, mahindi yakatoa mbelewele. Uledi hakuonekana. Josefina, Mfipa aliyeuza maharage nje ya duka, mwenye magunia yale yale yaliyoangukiwa na pikipiki, alikuwa hamwonei haya.

"Mwenzangu, wewe mtegaji wa namna gani? Ndege kaja mwenyewe, umemtengenezea mabawa."

"Angekufa mlimani, Josefina."

"Sijasema umekosea. Nasema umelala peke yako."

Adija akacheka, na usiku wake ukawa mrefu zaidi.

Siku moja akaitwa ofisi ya malori ya Bashiri, jirani, kwenye simu. Madereva waliokuwamo wakanyamaza wote, hata aliyekuwa anakunywa chai akaacha kuivuta.

"Adija? Uledi hapa. Niko Mpanda, kwenye semina. U mzima?"

"Mzima." Akaibana simu sikioni. "Breki zinasemaje?"

"Zinashika. Hazijapungua kitu."

"Ndivyo nilivyotaka."

Waya ukakoroma. "Ulitaka hivyo?"

"Ndiyo. Usihangaike kuja huku kwa ajili ya breki."

Lilibaki neno moja, kwamba aje kwa ajili nyingine. Adija akalitazama lile benchi la madereva, masikio yamesimama, akalimeza neno lake.

"Haya, dada," Uledi akasema. "Nimeelewa." Simu ikakatika.

Dada. Mwanzo wa simu alikuwa Adija. Akatembea mpaka dukani akiwa ameelewa na yeye: mwenzake aliona amefungiwa breki za kudumu ili asirudi.

Mahindi yakavunwa. Baridi ikarudi. Asubuhi moja Zenon, dereva wa Bashiri, alikuwa anapakia chumvi kupeleka bondeni, na Adija akamwendea. Usiku mzima alikuwa ametunga ujumbe: amwambie Uledi breki zina kasoro, azirudishe zikaguliwe. Angekuja mbio. Lakini angekuja akiuogopa mlima, kila kona, kwa uongo wa mtu anayempenda. Josefina alikuwapo, na wapakiaji, na mzee Hamis mlangoni.

"Zenon, mwambie bwana mifugo breki zake ni nzima."

"Ndiyo tu?"

"Mwambie aje hivyo hivyo."

Wapakiaji wakaguna. Josefina akawafokea wabebe chumvi.

Juma likapita, na jingine. Alfajiri za Adija zikawa za kusikiliza barabara ya Mollo, ile ya kutoka bondeni, kila mngurumo ni lori la mtu. Aliyekuja hatimaye alikuja saa nne, jua limetoka, akaegesha nje, akavua kofia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, bwana mifugo. Kimeharibika nini?"

"Hakuna, mzee."

"Unataka nini basi dukani kwangu?"

Uledi akamtazama Adija, aliyekuwa kasimama na tupa mkononi, vidole vimejaa grisi. "Nimekuja kuomba, na sina mshenga. Huko niliko wanaonifahamu vizuri ni ng'ombe."

Mzee akaangalia chini, labda alikuwa anaficha meno. Uledi akamgeukia Adija.

"Sikudanganyi. Kule chini kuna joto na mbu, nami nashinda njiani. Jioni zake ni ndefu."

"Hata za hapa ni ndefu," Adija akasema. "Nilidhani umenikasirikia."

"Nilidhani umenifukuza kistaarabu."

"Ningekufukuza ningekupa za boksi, mlima ukuchukue."

Mzee Hamis akazima redio. Akakishika kilango cha kaunta, kile cha kupitishia mizigo, lakini hakukifungua.

"Hapa ni mahali pa mtu aliyeharibikiwa," akamwambia Uledi. "Wewe zunguka nyuma. Mlango wa nyumbani uko upande ule, na viatu uviache nje."

Uledi akatoka kuzunguka. Adija akaiweka tupa, akaenda kunawa mikono, akaongeza maji kwenye sufuria ya ugali.