Picha Iliyosafishwa

Mke wa fundi wa mafriji alikuwa fundi pia, wa cherehani. Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu na sebule. Sebule hiyo ilikuwa ya wageni kwa jina tu. Wenye sebule walikuwa cherehani, vitambaa na vipande vya nyuzi. Nyuzi zilimganda mume kwenye soksi kila asubuhi, naye alilalamika kwamba siku moja atafika kazini ameshonwa na viatu vyake.

Siku hizi mteja hachukui gauni mpaka alione kwenye simu. Kwa hiyo kila gauni lilipokamilika, fundi cherehani alilitundika mlangoni, akalipiga picha, akaitengeneza picha kidogo, kisha akaituma. Kwa kazi hiyo alitumia programu ya intaneti ya kuhariri picha. Aliipataje? Aliandika kwenye simu “kutengeneza picha bure”, zikaja nyingi, akabonyeza ya kwanza. Mwanamke huyu kitambaa alikichagua kwa kukishika, kukivuta na kukitoa nje juani. Programu aliichagua kama mtu anayefumba macho na kunyoosha kidole.

Programu hiyo ilikuwa na kitufe alichokipenda sana. Kiliandikwa Boresha. Ukikigusa, ukuta unang'aa na rangi inakolea. Hata mikunjo uliyosahau kuipiga pasi inapotea. Kuna mteja alikuja kuchukua gauni, akasema lile la kwenye simu lilikuwa la bluu na hili ni la kijani. Fundi alicheka, akasema ni mambo ya taa. Mteja alilichukua shingo upande.

Mama mkwe wake aliishi nao, katika chumba cha nyuma. Alikuwa mama mpole, na wawili hao walielewana vizuri. Katika simu yake mlikuwa na picha moja aliyoitazama kila siku. Ilikuwa picha ya binti yake, dada wa mume, aliyefariki kwa ugonjwa kabla fundi hajaolewa katika nyumba ile. Wote walimwita Kipenga. Picha zake nyingine zilikuwa kwenye simu yake mwenyewe, na simu hiyo ilipotea hospitali. Ilibaki hii tu. Kipenga amesimama uani, anacheka, na nyuma yake kuna kamba ya nguo na ndoo.

Fundi alimsikia Kipenga akitajwa mara nyingi. Alidhani walimwita hivyo kwa sababu alikuwa na sauti kubwa. Hakuwahi kuuliza. Aliogopa kumtonesha mama kidonda, akanyamaza.

Siku moja mama mkwe alimletea simu pale kwenye cherehani.

“Mwanangu, nataka picha ya Kipenga isafishwe,” alisema. “Iwe kubwa, ya kutundika ukutani. Wajukuu wanakua hawamjui shangazi yao, na macho yangu haya hayaoni tena kwenye kioo kidogo.”

“Niachie mimi, Mama. Nitaisafisha mpaka upende.”

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na wala hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mama mkwe alisema kusafisha kama wanavyosema watu wa umri wake. Zamani picha zilikaa kwenye mkanda ndani ya kamera. Mkanda ulipelekwa studio, ukasafishwa kwa dawa, na picha zikatoka kwenye karatasi. Kusafisha picha maana yake ilikuwa kuitoa kwenye karatasi, basi. Lakini fundi cherehani alisikia kusafisha kama kusafisha sufuria. Akaitazama picha. Akaona ndoo, akaona kamba ya nguo, akaona uso wenye kivuli. Akasema moyoni kwamba kweli picha hii ni chafu.

Alikuwa na haraka, maana sare za shule zilikuwa zinangoja vifungo. Aliiweka programu yake kwenye simu ya mama. Programu ikaomba ruhusa ya kuingia kwenye picha zote. Akabonyeza Ruhusu bila kusoma. Akafuta ndoo, akafuta kamba. Kisha akagusa Boresha, na uso wa Kipenga ukang'aa. Fundi alifurahi. Yeye hakuwahi kumwona Kipenga, kwa hiyo hakuwa na cha kulinganisha.

Mwisho vilitokea vitufe viwili. Kimoja kiliandikwa Hifadhi, kingine Hifadhi nakala. Alisita kidogo. Aliijua nakala. Ni ile karatasi unayoitoa kwa mashine na kuipeleka ofisini, huku cheti chenyewe umekiacha kabatini. Akaona mama anastahili kitu chenyewe, si nakala. Akabonyeza Hifadhi, akaifunga programu, akaituma picha dukani kwa Mama Studio.

Mama Studio alikuwa jirani wa nyumba ya tatu. Alipiga picha za vitambulisho na kuchapa picha za watu. Alikuwa amehamia mtaa ule karibuni, naye pia hakumjua Kipenga. Aliichapa picha kubwa, akaitia kwenye fremu nyeusi, na fundi akaipeleka nyumbani akitembea kwa uangalifu kama aliyebeba mayai.

Mume alikuwepo siku hiyo. Mama mkwe aliketi, akaipokea fremu kwa mikono miwili, akafuta kioo kwa pindo la gauni lake. Alitazama kwa muda mrefu. Fundi alikuwa akitabasamu, akisubiri kusifiwa.

“Ni nani huyu?” mama mkwe aliuliza.

Fundi alidhani anataniwa. Akajibu kwamba ni Kipenga, wifi yake, si ndiye? Mama mkwe aliigeuza fremu akamwonyesha mwanawe. Mume aliweka kidole juu ya kioo, kwenye meno ya yule msichana.

“Mwanya wake uko wapi?” mama mkwe alisema polepole. “Huyu atapigaje mluzi?”

Ndipo mume alipomweleza mke wake jambo ambalo angelijua zamani kama angeuliza. Dada yake alikuwa na mwanya katikati ya meno ya mbele. Kwa mwanya huo alipiga mluzi mkali uliosikika mtaa mzima. Akirudi nyumbani alianza kuupiga tangu kwenye kona, na mama alikwenda kufungua mlango kabla hajabisha. Ndiyo maana wakamwita Kipenga. Na kidevuni alikuwa na kovu, alilolipata alipoanguka utotoni akimkimbiza yeye, kaka yake. Programu iliona mwanya ikadhani ni kasoro, ikauziba. Iliona kovu, ikalifuta. Macho iliyapanua kidogo. Ilimtengeneza msichana mzuri sana asiyemhusu mtu yeyote katika nyumba ile.

“Samahani, Mama. Lakini usijali, ile yenyewe si ipo kwenye simu?” fundi alisema.

Akaifungua simu. Ile yenyewe haikuwepo. Mahali pake palikuwa na yule yule msichana wa kwenye fremu. Akatafuta kwenye picha zilizofutwa, hakuna kitu. Akatafuta kwenye ujumbe uliotumwa, akaikuta ile aliyompelekea Mama Studio. Mama mkwe hakugomba. Aliinuka akaenda chumbani kwake, na fundi alitamani kama angegombezwa.

Alikwenda kwa Mama Studio karibu anakimbia. Mama Studio alichukua simu, akatafuta kila mahali anapopajua, kisha akaiweka mezani.

“Ulipomaliza, ulibonyeza wapi?” aliuliza.

“Nilibonyeza Hifadhi. Si kuhifadhi ni kutunza? Nilitaka itunzwe.”

“Neno hilo limewaponza wengi, jirani. Sisi tukisema hifadhi, tunataka kitu kisipotee. Programu ikisema hifadhi, inatunza ulichofanya sasa hivi. Nyingi hukikalisha juu ya kile cha zamani. Cha zamani kinaondoka.”

“Na nakala?”

“Nakala ndiyo ingekuokoa. Ingeweka kazi yako pembeni, na picha ya mama ingebaki ilivyo. Kwenye simu, nakala si kivuli. Ni sawa na kitu chenyewe.”

Fundi alikaa kwenye kiti cha wateja, kile cha kupigia picha za vitambulisho, akalia. Alisema alitaka kumfurahisha mama tu. Mama Studio alisema hata yeye ana sehemu yake katika kosa hili. Wateja huleta picha za marehemu kila mara, na ilimpasa amuulize mama mwenyewe kabla ya kuchapa.

Kisha akaanza kumweleza, taratibu, kama mtu anayemfundisha mwenzake kukata kitambaa. Programu zote zinasema ni za bure na zote zinasema ni nzuri. Usizisikilize. Kwanza jiulize unataka kufanya nini. Mtu wa kawaida anataka kukata pembeni, kuongeza mwangaza, kuinyoosha picha iliyopinda. Kwa hayo huhitaji programu inayojifanya inajua sura ya binadamu. Tafuta inayokuachia wewe uongeze kidogo kidogo, na yenye kitufe cha kurudi nyuma. Ijaribu kwa picha usiyoijali, ya kiatu au ya ukuta, uone inaiharibu vipi. Na ikiomba kuingia kwenye picha zote, ichagulie ile moja tu.

“Kwa nini ile moja tu?” fundi aliuliza. “Mimi sina siri.”

“Una picha za wateja wako wakijaribu nguo. Ukiruhusu zote, umemfungulia mgeni kabati lote. Wenye programu wengine wanasema picha inakwenda kwenye mashine zao na inafutwa. Soma wanafuta lini. Wasiposema, hamia kwingine.”

“Ningejua haya juzi.”

“Ungejua juzi,” Mama Studio alikubali.

Siku zilizofuata mume na mke walitafuta. Walipiga simu kwa shangazi, kwa binamu, kwa watu waliosoma na Kipenga. Wengi walikuwa wamebadilisha simu. Mwishowe mume alimkumbuka msusi mmoja, rafiki wa dada yake, mwenye saluni upande wa pili wa soko. Msusi alijifuta mafuta mikononi, akaitafuta namba ya Kipenga. Alikuwa hajaifuta. Alisema hakuthubutu. Kando ya jina palikuwa na picha ile ile, na mwanya unaonekana. Lakini ilikuwa ndogo kama kifungo cha shati.

Fundi alimwomba Mama Studio aikuze. Mama Studio alikataa kwa upole. Alisema zipo programu za kuikuza, lakini zitajaza zisichokijua. Zitakisia jicho, zitakisia mdomo, na mama ataletewa mgeni mwingine. Hii ichapwe ndogo, iwe ya kweli. Akaichapa kwa ukubwa wa kiberiti, akaiweka katikati ya fremu ile ile nyeusi na kuizungushia karatasi nyeupe. Lakini kabla ya kuichapa walimwita mama mkwe aione kwenye simu. Aliisogeza karibu kabisa na jicho.

“Huyu ni wangu,” alisema.

Siku hizi fundi cherehani anatumia programu nyingine, ya kawaida, isiyo na maajabu. Aliijaribu kwanza kwa picha ya pasi yake ya kunyooshea nguo. Anakata pembeni, anaongeza mwangaza kidogo, basi. Kabla ya kugusa chochote anatengeneza nakala. Picha zote za nyumbani ameziweka mahali pawili, kwenye simu na kwenye kifaa kidogo anachokifungia kabatini. Ile programu ya zamani ameiondoa, kwenye simu zote mbili, na ruhusa zake amezifuta. Wateja hawamletei tena maneno ya bluu na kijani. Yule aliyeondoka shingo upande amerudi, na amemleta dada yake.

Na ameanza kuuliza. Jioni akishona vifungo, mama mkwe humsimulia Kipenga alivyokuwa akicheka, alivyokuwa mvivu wa kuosha vyombo, alivyompiga teke mbwa wa jirani akaumia mwenyewe. Fundi husikiliza, na mara nyingi hujuta upya, kwa sababu Kipenga huyo ndiye aliyekuwa kwenye picha ile, na yeye alimwona mchafu. Mama mkwe amemsamehe na amemwambia hivyo. Lakini msamaha haukuirudisha picha.

Juzi alikuja mgeni, mama mmoja wa kushonewa sketi. Aliketi akingoja, akatazama ukutani, akauliza kwa nini wametundika fremu kubwa yenye picha ndogo hivyo, haonekani hata ni nani. Fundi aliinamisha kichwa kwenye cherehani. Mama mkwe ndiye aliyejibu.

“Inuka usogee,” alisema.

Mgeni aliinuka. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo, akasimama hapo kidogo.

“Kumbe alikuwa na mwanya,” alisema.

“Eh,” mama mkwe alisema. “Alikuwa nao.”