Mistari Miwili ya Baba Ashiru

Inspekta Severina alikuwa kwenye kigoda, anamenya ming'oko, vile viazi vya porini, ya moto huku akijipuliza vidole, simu ilipolia.

"Afande, kuna maiti huku," alisema Koplo Yoeli. "Na ndugu wa marehemu wanataka kumpiga mjane."

Ming'oko ikabaki kwenye sinia.

Marehemu alikuwa Mudathiri, Baba Ashiru, mkulima wa korosho wa kijiji kimoja nje ya mji wa Newala. Alikuwa amejikunja juu ya mkeka, mikono tumboni. Kando yake palikuwa na paketi tupu ya dawa za malaria. Nyuma ya mlango, kopo la dawa ya kupulizia mikorosho.

"Kopo hilo hapo!" alifoka Salmini, mdogo wa marehemu. "Kaka kapimwa malaria mara tatu. Kameza dawa zote, kazidi kuumwa. Malaria gani hiyo? Huyu mwanamke kamtilia sumu!"

Mjane, Mama Ashiru, hakuinua uso. "Alikuwa anatapika kila kitu. Nikampikia uji mwepesi. Ni hilo tu, afande."

"Mbona hukumpeleka hospitali?" Severina akamuuliza.

"Kipimo kilisema malaria. Mimi nani nikikatalie?"

Severina aliagiza mwili ukachunguzwe hospitalini, na Mama Ashiru akae kituoni. Kama sumu ingeonekana, mama huyo asingerudi nyumbani. Lakini yale maneno "mara tatu" yalikuwa yanamwasha inspekta kama upupu. Alasiri akamchukua Yoeli, wakaenda zahanati.

Muuguzi Ziada, binti mwenye sauti ndogo, ndiye aliyekuwa akimpima marehemu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nipime malaria."

"Unaumwa?"

"Hata kidogo."

Ziada alisita. Kisha akamchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo, akadondoshea matone kutoka kwenye kichupa kidogo. Wakasubiri. Mistari miwili: malaria ipo.

"Mpime na huyu."

Miwili tena.

"Ha! Afande, mimi jana nimecheza mpira mpaka mwisho!" Yoeli akalalamika.

"Ndiyo maana mlifungwa."

Severina hakucheka. Aliwahi kupeleleza mizani ya korosho iliyochezewa. Gunia lilelile ukilirudisha mara kumi, lilitoa uzito uleule, na mara zote kumi ulikuwa wa uongo. Wakulima waliiamini kwa sababu haikubadilisha kauli.

"Ziada, siku hizi kuna mtu anapimwa hapa akakosa malaria?"

Ziada akatikisa kichwa polepole.

Simu ikaita. Alikuwa Daktari Godwin wa hospitali. "Sijaona dalili ya sumu, inspekta. Kidole tumbo kilipasuka. Angewahi, tungempasua akapona."

"Na vipimo vyake vitatu vya malaria?"

"Hivyo hata mimi vinanishangaza. Tazama kichupa. Kina maji yake maalumu. Ukitia kitu kingine, kipimo kinaweza kuonyesha ugonjwa usiokuwepo."

Severina alikishika kichupa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Boksi la vipimo lilikuwa limebakiza viwili tu, lakini kichupa kilikuwa kimejaa pomoni.

"Nani anakijaza?"

Ziada alirudi nyuma hatua moja. "Mimi. Nilikuwa nadondosha mengi mno, kikaisha mapema. Nikatia maji ya mvua tuliyokinga kwenye kisima chetu. Huku juu mlimani, afande, hakuna maji tunayoyaamini kama hayo. Ndiyo tunayomkaribishia mgeni wa heshima."

"Si ungeomba kichupa kingine?"

"Wangejua nimeharibu. Na watu wako kwenye benchi, wametoka mbali, wanataka jibu. Nikiwapa jibu wanashukuru."

"Hata jibu la uongo?"

Ziada akalia kwa kwikwi.

Jioni Mama Ashiru aliruhusiwa kurudi kwake. Salmini alimpokea shemeji yake mlangoni mwa kituo, macho chini. Lakini kabla hawajaondoka, Ziada, ambaye sasa alikuwa ameshikiliwa ndani, aliomba kuonana na mjane. Severina akakubali, akasimama kando.

"Mama Ashiru," Ziada alianza, "mara ile ya tatu alikuja amejishika tumbo. Nikaona mistari, lakini moyo ukakataa. Kuna neno nilitaka kumwambia, likanikwama."

"Liseme sasa."

Ziada alifuta uso kwa kiganja.

"Baba Ashiru, sijui unaumwa nini. Nenda hospitali."