Ncha ya Udi

Katika msongamano wa maduka ya vifaa vya umeme, Barabara ya S.P. mjini Bengaluru, mikono miwili ilishika kamera moja ya kupimia joto.

"Dada, hiyo naiuza mimi," Yatish akasema. "Mwenye duka hashindanii bidhaa yake."

"Basi iachie," Sharvani akajibu. Alivaa sari ya rangi ya zafarani, asumini kwenye nywele.

Yatish aliiachia polepole. "Ukipima kitu kidogo, usisimame mbali. Sogea. Sogea zaidi."

Sharvani akailipia, akaondoka akitabasamu. Mwezi haukwisha wakawa wanakunywa kahawa wamesimama, bega kwa bega.

Sharvani alikuwa fundi umeme kiwandani. Siku moja alipima boliti ya kabati la umeme, kamera ikasoma digrii arobaini na nane, akatia sahihi kuwa ni salama. Siku ya tatu boliti ikayeyuka. Meneja akamtaka ajieleze Jumatatu.

"Kamera yako imenidanganya," alimwambia Yatish kwa simu.

"Ulisimama wapi, mpenzi?"

"Sasa kosa ni langu?" Akakata. Yatish akampigia mara kumi na moja, Sharvani hakupokea.

Jumapili asubuhi mama yake aliwasha kijiti cha udi mbele ya picha za miungu. Akiwa mlangoni, Sharvani aliielekeza kamera kwenye ncha yake inayowaka. Thelathini na tisa. Ncha inayochoma kidole? Akasogea hatua mbili: sabini. Akakaribia mpaka moshi ukamwingia machoni: mia mbili na kumi.

Akapiga simu. "Njoo unieleze."

Yatish alifika na shati lililokosewa vifungo.

"Ndani ya kamera mna vijicho vingi," alisema. "Ukiwa mbali, kijicho kimoja kinaona ncha na ukuta pamoja, kinatoa wastani. Na lenzi nayo hutia ukungu kidogo kwenye picha, joto linamwagikia vijicho vya jirani. Ncha lazima ijaze vijicho vitatu hivi, ndipo usome ukweli."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia usogee."

Sharvani akaiweka kamera mezani. "Nilidhani unanitongoza."

"Nilikuwa natongoza pia."

Sharvani alicheka, kisha akaacha. "Kesho nitamwambia meneja nilipima kutoka nyuma ya mstari wa njano wa usalama, mbali mno. Huenda nikafukuzwa."

"Nitakuja na udi, nimwonyeshe."

Sauti ya mama ikatoka jikoni: "Huyo mgeni ni wa kahawa au wa chakula?"

Sharvani alimfungua Yatish kifungo kilichokosewa, akakifunga mahali pake.

"Wa chakula, Mama. Na Jumapili ijayo tupikie wazazi wake pia."