Tonton Aliniomba Nibebe Kosa la Lango

Nina miaka hamsini na minane, ni fundi wa umeme, ninaishi Kadutu, hapa Bukavu. Habari hii sijawahi kuisimulia mbele ya watu. Mke wangu anaijua nusu. Watoto wangu hawaijui kabisa. Ninawaandikia ninyi msionijua kwa sura, labda kwenu haya yangu itapungua…

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nchi ilikuwa inaitwa Zaïre na sote tulikuwa tunaitana citoyen, yaani raia. Baba yangu alikufa kabla sijaanza shule. Aliyenilea ni Murhula, kaka wa mama yangu. Nilimwita Tonton, lakini moyoni alikuwa baba. Alinisomesha mpaka nikapata diploma ya umeme, na yeye mwenyewe hakupita darasa la tatu. Kusoma kulimshinda. Lakini ungempa motor iliyokufa, angeizungusha kwa mkono mara mbili tu, kisha angekuambia ugonjwa wake.

Kazi yetu ilikuwa malango ya umeme. Siku zile yalikuwa machache, kwenye villa za matajiri kule Nguba na Muhumba, zile ambazo bustani zake zinashuka mpaka kwenye maji ya ziwa. Lango linateleza juu ya reli, motor inalivuta, sentinelle, yule mlinzi wa lango, anabonyeza tu kifungo kwenye kibanda chake. Patrons, wenye villa hizo, waliyapenda sana. Shida ni kwamba yaliundwa Ulaya, hayakuizoea hewa ya kwetu. Ukungu unapanda kutoka ziwani kila asubuhi, mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na unyevu unaingia hata ndani ya sanduku lililofungwa kwa vis nane, zile skrubu. Ukilifungua unakuta matone ya maji, shaba imegeuka kijani, sisimizi wamehamia humo na mayai yao. Tulikuwa tunakausha, tunasugua kwa msasa, tunapaka grisi, tunatoboa tundu dogo chini ili maji yapate njia ya kutoka. Mvua ikirudi, na sisi tunarudi.

Kitu kilichoteseka kuliko vyote ni macho ya lango. Kila lango lilikuwa na macho mawili, moja kila upande, yanatazamana. Mtu akipita katikati, yanamwona na lango linasimama. Unyevu ukiingia nyuma ya kioo, yanaanza kuona mtu mahali ambapo hakuna mtu, na lango linakataa kufunga.

Ndivyo ilivyotokea kwa Maman Nsimire.

Maman Nsimire alikuwa mjane, mfanyabiashara wa dhahabu ya Luhwindja, mwenye villa kubwa Nguba. Jumamosi ile alikuwa anamwoza binti yake, na wakubwa wa mkoa walikuwa wamealikwa. Alhamisi, lango likakataa kufunga. Alituita, akasimama mbele ya Tonton akiwa bado amefunga kitenge cha nyumbani.

“Murhula, siwezi kupokea bakubwa na portail imebaki wazi kama ya soko. Utaitengeneza ao niite mwingine?”

“Itafunga leo, Maman,” Tonton akajibu.

Tulifungua jicho la kushoto. Maji matupu. Tulilikausha kadiri tulivyoweza, lakini lilikuwa limekufa, na jipya lilipaswa kutoka Bujumbura, pengine wiki mbili, pengine zaidi. Mvua ilikuwa inanyesha, nami nilikuwa nimemshikia Tonton mwavuli juu ya sanduku. Alipekua mfuko wa vyombo. Kisha akachukua kipande kifupi cha waya, akaunganisha nacho vis mbili ndani ya sanduku. Akabonyeza kifungo. Lango likafunga vizuri kabisa.

Nilijua alichofanya. Ile waya ilikuwa inaliambia lango kwamba njia iko wazi, saa zote, hata kama mtu amesimama katikati.

“Tonton, sasa haitaona mutu,” nikasema.

“Ni kwa siku ya feti tu. Lundi tutarudi kuitoa.”

Halafu akanipa fiche, karatasi ya kazi. “Andika kama macho yote iko muzuri. Tia saini. Weye njo unajua kuandika.”

Nikaandika. Nikatia saini.

Sentinelle wa pale alikuwa mzee wa kisiwa cha Idjwi anayeitwa Papa Ndagano. Kila tulipofika alikuwa anatukaribisha kwenye kibanda chake tujikinge mvua. Alituuliza kama lango limepona. Tonton akamwambia limepona, afanye kazi yake bila wasiwasi. Mimi nilikuwa ninakusanya vyombo. Sikusema neno.

Jumatatu ilifika, hatukurudi. Nilimkumbusha Tonton siku ile, akasema baada ya siku chache. Nilimkumbusha tena wiki iliyofuata, akaniuliza mbele ya watu kama ninataka kumfundisha kazi. Niliona aibu, nikafunga mdomo. Na katika siku hizo nilipita mbele ya lango lile mara nyingi nikienda kwa wateja wengine. Papa Ndagano alikuwa ananiinulia mkono, nami ninamwinulia wangu…

Wiki ya tatu, saa nane za mchana, ilinyesha mvua kubwa. Gari la Maman Nsimire lilikuwa limetoka na lango lilikuwa bado wazi. Papa Ndagano akaona maji yameleta jiwe juu ya reli, akaenda kulitoa. Ndani ya nyumba kulikuwa na kifungo cha pili. Msichana wa kazi alisikia gari limeondoka, akabonyeza ili kufunga. Hakumwona mzee. Mzee naye, kwa kelele ya mvua, hakusikia motor.

Lango lilimkuta ameinama. Lilimbana mguu kwenye nguzo, na motor ikaendelea kusukuma. Lile jicho lingekuwa zima, lango lingesimama kabla ya kumgusa. Mpishi ndiye aliyekimbia kukata umeme wa nyumba nzima. Hospitalini walimkata mguu juu ya goti.

Kesho yake asubuhi Tonton alikuja kwenye chumba nilichokuwa nimepanga. Alikuja na mama yangu. Mama alikaa kitandani, Tonton alibaki amesimama karibu na mlango, kofia mkononi.

“Inspecteur wa polisi anatuita,” akasema. “Bisimwa, mupwa wangu, sema ulikuwa peke yako.”

Nilifikiri sikusikia vizuri. Akaendelea kusema kwamba saini ni yangu, kwamba mimi ni kijana, sina mke, sina watoto, watanishika wiki moja, wiki mbili, kisha yeye ataongea na Maman Nsimire na mambo yataisha. Akaapa. Akasema siku nitakayotoka, kazi yote ya Nguba itakuwa yangu.

Nilimtazama mama. Nilitumaini atamfukuza. Mama alikuwa anaangalia mikono yake.

“Mwana wani,” akasema, “ule ni ndugu yangu. Iko na batoto saba. Bakimufunga, nani atabalisha? Na weye, bila yeye ungekuwa wapi?”

Alikuwa anasema kweli. Bila yeye ningekuwa wapi?

Nilivaa shati safi, nikaenda. Inspecteur aliniuliza kama nilikuwa peke yangu siku ya kutengeneza lango. Nikasema ndiyo. Akauliza waya nani aliiweka. Nikasema mimi. Tonton alikuwa kwenye benchi la nje, mlango ulikuwa wazi, alisikia kila neno. Waliponipeleka alisimama, akanigusa bega, akasema, “Wiki mbili.”

Nilikaa gerezani miezi saba.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa ninasikiliza kila jina linaloitwa mlangoni. Mama alikuwa analeta bugali na samaki kila Ijumaa. Nilikuwa ninamuuliza, “Tonton iko wapi?” Anajibu, “Iko na kazi mingi.” Mwezi wa pili akajibu hivyo hivyo. Mwezi wa tatu niliacha kuuliza, kwa sababu niliona swali linamtesa kuliko mimi.

Nilikuwa na mchumba, Zawadi, mwalimu wa Nyangezi. Wazee wetu walikuwa wameshaelewana. Alikuja kuniona mara moja tu, mwezi wa nne. Hakuleta kitu, hakukaa.

“Nimekuja kukuuliza jambo moja,” akasema. “Ni kweli siku ile ulikuwa umelewa?”

“Nimelewa? Zawadi, umewahi kuniona ninakunywa?”

“Hapana. Njo maana ninauliza.”

“Nani amesema hivyo?”

“Tonton yako. Alikuja mwenyewe kwetu, kumwomba baba pole. Alisema umemwangusha, kwamba alikukataza pombe mara nyingi na hukusikia. Alilia mbele ya baba.”

Wasomaji, sikilizeni. Kubeba kosa lake nilikuwa nimekubali kwa mdomo wangu. Lakini pombe? Nani alimwomba aongeze pombe? Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa anatafuta njia ya kunitoa. Alikuwa anajenga hadithi itakayobaki, ili watu waendelee kumwita kwenye malango yao na juu ya hapo wamhurumie.

Zawadi alisema, “Basi niambie ukweli, nimwambie baba.”

Na mimi, mjinga mimi, nikanyamaza. Bado kulikuwa na sehemu ndani yangu iliyokuwa inangoja Tonton aje. Nilifikiri nikisema, nitaharibu. Zawadi alingoja kidogo, kisha akaenda. Mwezi uliofuata baba yake alirudisha ng’ombe wetu wa mahari.

Nilitolewa bila hukumu. Faili yangu haikuonekana, na Maman Nsimire hakutaka tena habari hiyo. Kutoka gerezani nilikwenda moja kwa moja kwa Tonton, kwa miguu. Alinikuta kwenye mlango wa parcelle, kiwanja cha nyumba yake, akaufunga nyuma yake. Hakunikaribisha ndani.

“Wateja bakikuona hapa bataogopa,” akasema.

Nilimuuliza kwa nini hakuja hata siku moja. Nilimuuliza kuhusu pombe.

“Nimekulea miaka makumi mbili,” akasema. “Miezi saba njo unanililia?”

Akaingia ndani. Nilisikia akiweka kufuli.

Nilitembea siku kadhaa na hasira tupu. Nilitaka mtu mmoja duniani aniambie kwamba sina kosa. Nikamkumbuka Papa Ndagano. Alikuwa amerudi kwao Idjwi. Nilipanda mtumbwi wa motor pamoja na wauza mananasi, nikauliza njia, nikamkuta amekaa mbele ya nyumba yake, anachambua maharagwe kwenye ungo, fimbo mbili za kutembelea zimelala kando.

Alinitambua mara moja. Akaniita nikae. Nilianza kueleza, maneno yakaja kwa fujo, Tonton, saini, gereza. Akanikata.

“Miye sikukuwa kipofu,” akasema. “Niliona. Muzee alifunga waya. Weye ulikuwa unamushikia mwavuli.”

“Papa, ulijua si mimi? Kwa nini hukusema?”

“Nani aliniuliza? Nililala hospitali miezi mbili. Hakuna mutu alikuya kuuliza sentinelle kitu.”

Nilijiona nimepata nilichokifuata. Nilikuwa ninataka kumshukuru, lakini mzee alikuwa bado ananitazama.

“Sasa na miye nikuulize. Ile waya, weye ulijua iko mubaya?”

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimezoea.

“Nilijua, Papa.”

“Na ulikuwa unapita pale, unanisalimia.”

“Ndiyo, Papa.”

Alirudi kwenye maharagwe yake. Akatupa mabovu mawili, matatu. Kisha akasema, bila kuinua sauti:

“Tonton yako alikudanganya weye. Lakini miye, mulinidanganya bote babili.”

Nililala kwao siku ile, kwa sababu mtumbwi ulikuwa umeondoka. Mke wake alinipa viazi. Hawakunitukana. Ilikuwa afadhali wangenitukana.

Miaka imepita. Tonton alikufa akiwa na jina zuri, na kanisani walimsifu kuwa fundi mwaminifu. Mama aliniomba nisiseme kitu, nikakaa kwenye benchi la tatu nikasikiliza. Zawadi aliolewa Uvira. Kazi ya Nguba sikuipata tena. Nilianza upya kwa kutengeneza pasi na redio sokoni Kadutu, na ilinichukua miaka mingi kabla mtu hajanifungulia sanduku la lango lake.

Je, nimemsamehe? Siku nyingine ninafikiri ndiyo. Siku nyingine ninakumbuka ile pombe…

Lakini ninyi mnaosoma, hasa vijana mliolelewa na mtu asiye mzazi wenu, nawaomba jambo moja. Mpende aliyekulea. Mtumikie, mlishe akizeeka. Usimpe saini yako juu ya uongo. Wema aliokutendea ni wako na wake, mtu wa tatu hapaswi kuulipia kwa mwili wake. Na ukiona waya mahali isipopaswa kuwa, itoe siku hiyo hiyo, hata kama aliyeiweka ni baba. Mimi nilikuwa na wiki tatu nzima. Nilikuwa na bisibisi mfukoni kila siku nilipopita pale. Ingenichukua dakika mbili.