Wino wa Buluu kwenye Kadi ya Wendell

Kamati ya Maonyesho ya Kadi za Besiboli, Pittsburgh, iliwatangazia wanachama wote kwamba meza namba kumi na nne imesogezwa hatua moja kushoto ili kupisha birika la kahawa. Tangazo lilibandikwa mlangoni, likiwa na mhuri. Roslyn Babiak, aliyekuja kuuza kadi za marehemu baba yake, zile zenye picha za wachezaji, hakulisoma. Aligeuka na kikombe chake, akaigonga meza hiyo, na kahawa ikalilowesha shati la miraba la Wendell Pruitt, mwenye meza.

Wendell alizikinga kadi kwanza, kifua baadaye.

"Umeniunguza, dada," alisema. "Ungezimwagia zile za kung'aa, nisingelalamika."

Bila kuulizwa, alimweleza ladha yake. Kadi zinazometameta kama meno ya bandia alizichukia. Alipenda mpaka wenye sura ya mbao, mchezaji aliyekunja uso kwa jua, na jina lenye herufi ndogo zisizojigamba. Roslyn, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza nyaraka chakavu maktabani, alisema mpaka ule unaifanya kadi ifanane na kabati la televisheni. Walibishana mpaka ukumbi ukafungwa. Kwa watu wa aina hiyo, huo ni uchumba.

Miezi minane ikapita. Kadi ambayo Wendell aliipenda kuliko zote ilikuwa na neno "Houston" lililoandikwa kwa kalamu ya buluu juu ya jina la timu. Hakuwahi kusema ni kwa nini aliipenda. Roslyn aliona doa, na mikono iliyofunzwa kuondoa madoa haina desturi ya kuuliza. Aliichukua kwa siri, akaufuta wino kwa pamba na dawa, herufi moja moja, ili amfurahishe kabla ya mashindano ya kadi ya Jumamosi.

Alhamisi mama yake Wendell alimpigia Roslyn simu kuulizia chakula cha Jumapili, na katika mazungumzo akamtaja Curtis, mdogo wake Wendell. Kila mchezaji alipouzwa kwa timu nyingine, Curtis aliisahihisha timu kwenye kadi, kama watoto wa wakati ule walivyofanya. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua akiwa na miaka tisa.

"Ile ya Houston ndiyo ya mwisho, mwanangu," mama alisema. "Wendell hajakwambia? Tangu hapo hawezi kulitamka jina la mdogo wake."

Roslyn aliketi sakafuni, simu ingali mkononi. Alikuwa na picha ya kadi ile, aliyoipiga kabla ya kuifuta, na alikuwa na kalamu ya buluu. Kwa siku mbili aliiga mwandiko wa mtoto kwenye vipande vya karatasi, akishtuka kila simu ilipolia.

"Mbona una sauti ya mtu aliyeiba?" Wendell alimtania.

Akasingizia mafua. Nakala ya thelathini na moja ingemdanganya hata mama mzazi. Hiyo ndiyo iliyomtisha kuliko zote.

Jumamosi alivaa gauni la kijani ambalo Wendell alilipenda, akamkabidhi kadi ukumbini ikiwa haina neno, akamweleza yote. Wendell aliiinamisha kadi chini ya taa ya meza, huku na huku.

"Alikuwa anakandamiza sana kalamu," alisema hatimaye.

Wino ulikuwa umekwenda. Mfereji wake ulibaki kwenye karatasi. Mwanga ulipopita ubavuni, neno lilisomeka. Wendell alilifuata kwa kidole.

"Ulifikiria kuliandika upya?"

"Mara thelathini na moja."

"Na hukuandika."

"Ningeogopa kila ukiitazama, Wendell. Maisha yangu yote."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Siku nyingine ukitaka kusafisha kitu changu, uniulize kwanza."

"Kitu gani?"

"Chochote. Nyumba ya watu wawili ina vitu vingi."

Roslyn alielewa anachoombwa, akaitikia kwa kichwa. Hofu haikumwacha, wala yeye hakuuacha mkono wa Wendell.

Saa kumi kamati, baada ya kikao cha dakika arubaini, ilitangaza uamuzi wake: kadi ya Bwana Pruitt haihesabiki kuwa imeandikwa, wala haihesabiki kuwa haijaandikwa, kwa hiyo haitashindanishwa katika kundi lolote, na itaonyeshwa kwenye meza namba kumi na nne, ambayo kuanzia sasa inarudishwa mahali pake pa awali, mbele ya birika.