Jembe la Mjane na Kilima cha Kampuni

Kila baada ya mvua, Bi Jembe alipanda kilimani kuzibua mfereji. Marehemu mumewe alikuwa mlinzi wa pale. Ndani ya kilima kile kampuni ilifukia taka zenye mionzi, sumu isiyonuka wala kuonekana. Mfereji ukiziba, maji huingia kwenye taka, kisha hushuka hadi kisimani. Kwa hiyo mzee alipofariki, mkewe alishika jembe lake. Hakulipwa hata senti.

Mkwewe alimtania kwamba ameolewa na mfereji. Bi Jembe alijibu kwamba huyu wa sasa angalau hakoromi.

Siku moja bibi afya alikuja kupima maji ya kisima, akamkuta mferejini. Akamwuliza nani anamlipa.

"Mungu," alisema Bi Jembe.

"Mungu hakufukia taka hizi, mama. Aliyefukia ni kampuni."

Wakaketi ukingoni. Bibi afya akaeleza polepole. Taka zile zitahitaji kutunzwa miaka mia tatu. Miaka yote hiyo uzio utengenezwe, mfereji uzibuliwe, maji yapimwe. Gharama ni ya aliyefukia. Aweke fedha kabla hajaondoka, katika mfuko usioguswa kwa kazi nyingine, ili hata kampuni ikifa, matunzo yasife. Na madhara yakitokea, ajulikane wa kulipa.

Wiki ile ile kijiji kilikuwa kitie saini kupokea kilima. Watu walifurahi kurudishiwa ardhi. Hakuna aliyeuliza kama wanapewa na mzigo wake.

Mkutanoni meneja wa kampuni alisema mfereji haujawahi kuziba, kwa hiyo hakuna gharama yoyote. Bi Jembe akasali kimoyomoyo, kisha akasimama. Jembe aliloinua lilikuwa limelika, limebaki kama kijiko.

"Haujaziba kwa sababu ya hili," alisema. "Nina miaka sitini na minane, mwanangu. Hiyo miaka mia tatu ya kutunza taka, utakuja kuzibua wewe?"

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Mwenyekiti akarudisha kalamu mfukoni.

Ilichukua mwaka mzima. Serikali iliinyima kampuni kibali cha kufunga eneo na kuondoka mpaka fedha zilipoingia kwenye mfuko, na mkataba ukasema wazi kwamba madhara ni juu ya kampuni. Leo mafundi wawili wanalipwa kutunza kilima. Majibu ya vipimo vya maji hubandikwa kisimani, na mkwewe huwasomea majirani kwa sauti.

Mvua ikikatika, Bi Jembe bado hupanda, mikono mgongoni, akimshukuru Mungu.

"Pale kwenye kona, wanangu," huwaambia mafundi, "mchanga umebaki."